Betri Niliyoianika Kakuyuni

Siku ile ya Kakuyuni, mwanangu, hata leo sijaisahau. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, nami msichana wa mjini Malindi, najiona nimesoma. Nilipewa kompyuta ndogo ya kubeba, nikazunguka wiki mbili kijijini humo nyumba kwa nyumba nikiandika watoto ambao sindano fulani iliwahi kuwadhuru. Hao wasidungwe tena, wangekufa.

Kadi za kuhifadhia zilikuwa mbili. Moja ilishika maandishi kwa nguvu ya betri ndogo mfano wa kifungo cha shati. Ilikuwa nyepesi, ukikosea jina unalirekebisha papo hapo. Ya pili, mpya, haikutaka betri kushika kitu, lakini kurekebisha jina moja yakubidi ufute fungu zima uandike upya. Mimi mvivu, nikaiacha ya pili mkobani.

Asubuhi ya siku ya kuwadunga watoto sindano, nikiwa zahanati, kioo cha kompyuta kikaonyesha betri ya kadi imepungua. Nikafanya tulivyofanya nyumbani kwa betri za redio: nikaichomoa, nikaianika juani dirishani ipate nguvu. Nilipoirudisha, kadi ilikuwa tupu. Hakuna hata jina moja, wallahi.

Nje, kina mama wameshakaa kwenye benchi na watoto wao. Niliogopa kufukuzwa, niliogopa kuchekwa. Nikachukua karatasi, nikaandika majina tisa kutoka kichwani.

Bi Zuhura, muuguzi mzee wa zahanati, akaingia kuchukua orodha. Akaitazama, akanitazama.

"Haya umeyatoa wapi?"

Nikamweleza yote. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Mashine imesahau, ikanyamaza," akasema. "Wewe umesahau, na unaandika. Toka nje ukawaambie."

Nilisimama mbele ya kina mama wale nikasema nimepoteza majina, naomba niulize upya. Walinisema, na haki yao. Nikaanza na wa kwanza, nikaenda hivyo hivyo hadi kwa Kadzo, aliyempakata bintiye mwembamba.

"Si nilikwambia, dada?" akasema. "Sindano ile ilimvimbisha koo, akawa hapumui."

Nikaitazama karatasi yangu. Binti yule hakuwamo. Nilikuwa nimeandika mtoto wa jirani yake. Nikakaa chini mchangani mbele ya watu.

Basi mwanangu, kilichobeba roho ya mtu kiweke pale pasipotegemea kibetri, japo kazi iwe ya pole pole na ya kuchosha. Na kikipotea, sema kimepotea, mapema, kabla mtu hajainua sindano. Usijaze pengo kwa kuogopa aibu. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, akulinde na woga ule, na kila mtoto atakayepita mikononi mwako arudi kwao akipumua. Amin.