Sindano ya Nyumbani Kwetu

Jumatano, tarehe 17 Aprili 1991. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika saa tisa mchana. Migomba miwili imeanguka nyuma ya nyumba.

Nimekosa. Naanza na neno hilo kwa sababu nikianza na maelezo nitajitetea, najijua.

Mimi ni mwanamke wa huku Izigo, Muleba. Nimesoma mpaka darasa la saba. Jina langu msiulize, nikilitaja litamwumiza ambaye hana kosa. Nilipoachika nilirudi kwa baba na mama, nikapata kazi ya kufagia zahanati. Mganga msaidizi wa pale aliniona nina mkono mwepesi, akanifundisha kuchoma sindano. Alinifundisha vizuri. Hana lawama.

Miaka ile ugonjwa ulikuwa umeshaingia, ule tuliouita Juliana kabla redio haijatufundisha kusema UKIMWI. Waelimishaji wa afya walikuja kutoka Bukoba, wakatuketisha nyuma ya kanisa. Mama mmoja mnene akasema, msichangie sindano na watu msiowajua, na kila sindano ichemshwe dakika ishirini. Hilo la kuchemsha alilisema mara mbili. Nimeangalia kwenye daftari langu, nimeliandika mara mbili.

Mimi nikashika lile la kwanza tu!

Nikanunua Bukoba mjini bomba la kioo na sindano zake mbili, nikaviweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Nikawatangazia wote nyumbani: kuanzia leo hakuna mtu wa nyumba hii kuchomwa sindano ya watu. Tuna yetu. Baba alinisifu mbele ya wageni. Nilivimba kichwa, nakiri.

Mwaka 1987, masika kama haya, kaka yetu alikuja kupumzika. Alikuwa amepigana vita vya Amin akarudi mzima, kisha akaingia kwenye biashara ya samaki, anawachukua visiwani na kuwashusha bandari ya Kemondo. Alikuja na majipu mapajani. Nikawa namchoma penisilini kila asubuhi.

Siku ya tatu mdogo wetu Koku aliamka anatetemeka kwa malaria. Alikuwa na miaka kumi na saba. Klorokwini ya sindano nilikuwa nayo. Kaka nilikuwa nimemaliza kumchoma dakika ile ile, bado anafunga shuka. Kuni zilikuwa zimelowa, jikoni ni moshi mtupu. Nikasuuza bomba kwa maji ya uvuguvugu, sindano nikaifuta kwa pamba yenye spiriti, nikavuta dawa.

Koku akasema, "Dada, hujaichemsha."

Kaka akacheka. "Anaogopa ataanza kunuka dagaa kama mimi!"

"Sijasema hivyo, Kaka."

Nikamwambia, "Ni ya kaka yako hiyo. Ndugu wa tumbo moja unamwonea kinyaa?"

Koku akaona aibu. Akageuka, nikamchoma.

Jamani, yeye ndiye aliyekumbuka! Mtoto wa sekondari aliyekuwa anatetemeka kwa homa alikumbuka, na mimi mwenye daftari nikamnyamazisha. Tena si kuni tu. Nikisema kuni nitakuwa nadanganya. Mkaa kidogo ulikuwepo. Niliona kwamba kuchemsha mbele ya kaka, baada ya kumchoma yeye, ni kama kumwambia wewe ni mchafu. Sindano ni yetu, damu ni yetu, nichemshe nini?

Kabla mwaka haujaisha macho ya Koku yalikuwa ya manjano, mkojo kama chai ya rangi. Alilala mwezi mzima. Tukampa majani, akapona, tukasahau. Miaka miwili baadaye kaka alifariki, amekonda mpaka tulimbeba kwa mikono miwili. Kaka simlaumu. Alicheka siku ile kwa sababu hakujua alichobeba.

Mwaka jana Koku akaanza kukonda. Alikuwa ameshaposwa. Nilimpeleka hospitali Bukoba, wakampima, wakatuambia. Daktari akauliza kama aliwahi kuwa na macho ya manjano. Nikajibu ndiyo. Akasema ini lake lina ugonjwa wake, na ugonjwa huo na UKIMWI vyote hupita kwenye damu, vinaweza kusafiri kwenye sindano moja.

Nilitazama sakafu.

Sisemi nina hakika. Daktari mwenyewe alisema hakuna anayeweza kuapa. Lakini kosa langu kubwa si hata lile la sindano. Subirini.

Waliomposa walirudisha maneno, uchumba ukafa. Kisimani wanawake wakaanza: "Si alikuwa anapeleka ndizi Kemondo? Wavuvi wa kule hawanunui ndizi peke yake." Walicheka mbele yangu. Nikajitwisha ndoo nikaondoka.

Baba akaniita. "Wewe ndiye mkubwa. Kamwulize mdogo wako alikuwa na nani."

Nami nikaenda! Ole wangu, nikaenda nikamwuliza.

"Dada, sina mtu. Sijawahi."

"Basi umeutoa wapi?"

Kwa mdomo wangu huu. Akavuta kitenge akajifunika. Kama aliikumbuka ile asubuhi, sijui. Kama aliikumbuka akaninyamazia, hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nikarudi kwa baba nikamwambia, "Anakataa kusema." Angalieni ubaya wa sentensi hiyo. Toka siku hiyo baba hakumsemesha tena. Koku akahamishiwa kibanda cha jiko, miezi mitano sasa.

Na hata kama angekuwa na mtu, ingekuwaje? Sindano ingebaki sindano yangu, na kibanda kingebaki kibanda.

Leo mvua ilipokatika nilimkuta baba anaitazama ile migomba. Nikapiga magoti kwenye tope. Nikasema, "Tata, Koku hakuwa na mwanaume. Mimi ndiye niliyemchoma sindano ya kaka bila kuichemsha. Nimejua tangu hospitali."

Hakunipiga. Nilitamani anipige. Aliuliza tu, "Miezi yote hii?"

"Ndiyo, Tata."

Akanipita, akaenda mpaka mlango wa jiko, akainama. Nikamsikia akiita: "Koku. Mwana wange. Inuka, twende ndani."

Nyinyi mnaosoma, nawaombeni. Sindano haijui ukoo. Ya baba, ya mama, ya pacha wako, ichemsheni, au mngoje ile mpya ya kutumia mara moja na kutupa. Wembe vilevile. Mtoto akikwambia hujachemsha, mshukuru, usimtie aibu. Mkiona macho ya manjano nendeni hospitali, msitosheke na majani. Na mgonjwa msimwulize alikuwa na nani. Pengine anayeuliza ndiye mwenye jibu, kama mimi.

Kesho nitakwenda kisimani niwaambie na wale. Naogopa. Nimeandika hapa ili nisirudi nyuma.

Jioni tumekula ndizi na maharage, na karanga kidogo alizotwanga mama. Koku aliketi ubavuni kwa baba, akala vidole vitatu vya ndizi, akaomba maji, baba akamshikia kikombe. Mama alinipakulia mimi pia. Hakuna aliyeniambia karibu.