Alama ya Mjomba Nestory

Nchi hii ukiwa fundi umeshahukumiwa kabla hujashika bisibisi. Mimi ni fundi cherehani hapa Pasiansi, Mwanza, na ninajua ninachosema. Mtu ananiletea kitenge chake, anakaa kwenye benchi kunilinda ninavyokata, na siku ya kuchukua gauni anadai hadi mabaki, hata kipande kisichotosha kumfuta mtoto kamasi. Nikimuuliza ni cha nini, anacheka. "Nyie mafundi tunawajua." Mnatujua kutoka wapi? Nilimla nani?

Lakini leo sijisemei mimi. Namsema Teodora Mayala, jirani yangu wa kibarazani, ambaye ukuta wake na wangu ni ubao mmoja. Teodora anaunda kompyuta za magemu. Siyo za kununua dukani zimeshafungwa. Zake anazijenga kipande kwa kipande, kila mteja na yake, kama mimi ninavyoshona kwa kipimo cha mtu. Akiwa kazini haongei. Ukimsemesha anakunyooshea bisibisi, nawe unajua zamu yako haijafika. Wateja wapya wakifika wanamuuliza fundi yuko wapi, wakidhani yeye ni dada wa mapokezi. Huwa anawajibu, "Katoka, rudini kesho," kisha anaendelea na kazi yake.

Marehemu baba yake, mzee Mayala, alikuwa mwashi. Ndiye aliyejenga nyumba ya shemeji yake Nestory kule Kisesa. Nyumba ilipofika kwenye lenta, juu ya madirisha, Nestory akaitisha kikao cha ukoo, akasema saruji yake imepungua na mwizi ni Mayala. Ushahidi? Hakuna. Kaka wa mke amesema, basi imekuwa kweli. Mzee Mayala aliapa mpaka sauti ikamkauka, hakuna aliyemsikiliza. Alikufa na lile jina. Msibani kwake nilimsikia kwa masikio yangu mwanamke mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Ndiye yule wa saruji." Teodora alikuwa anapita na sinia la vikombe, naye akasikia. Akaendelea kugawa chai. Ila tangu siku ile, mwite mwizi hata kwa utani, utajuta kumfahamu.

Sasa huyohuyo Nestory, mfanyabiashara wa mpunga, mjomba wake wa damu, ndiye aliyekuja kibarazani kwetu mwaka huu na binti yake Queen. Huyu Queen ni moto wa kuotea mbali kwenye mbio za magari za kompyuta. Anaendesha huku akiligombeza gari kwa Kisukuma, na vijana wanafunga safari kwenda kumsikiliza tu. Alikuwa amefuzu kuingia mashindano ya mkoa, yaliyopangwa kufanyika ukumbini Nyegezi, na sharti lilikuwa kila mchezaji aje na mashine yake mwenyewe.

"Shikamoo mjomba," Teodora alisimama.

"Marahaba, mama. Nitengenezee mashine ya huyu mtoto, isiyotia aibu."

Teodora akauliza maswali yake ya kila siku. Gemu lenyewe lipi, mashine itakaa wapi, umeme wa nyumbani ukoje. Queen akajibu vizuri. Grafiki kadi, yaani kifaa kinachochora picha za gemu, wakakubaliana upesi, maana Queen alikuwa ameshafanya utafiti wake. Kasha, Teodora akashauri lenye wavu mbele, kwa sababu ya vumbi la Kisesa. Prosesa na ramu, yaani ubongo na kumbukumbu ya mashine, wakachagua za wastani. Kisha akafungua kabati akatoa pawa saplai, lile boksi la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugawia vifaa vyote.

"Watu wanaanza na taa za rangi," alimwambia Queen. "Mimi naanza na hii. Hii ikiwa mbovu, vingine vyote ni mapambo."

Nestory akaichukua, akaiweka kiganjani, akawa anaipandisha na kuishusha, vile anavyopima kuku sokoni.

"Mbona nyepesi hivi?"

"Mjomba, hii haipimwi kwa uzito. Soma hapa ubavuni, wameandika inatoa umeme kiasi gani."

"Maandishi hata mimi naandika. Kitu cha kweli kina uzito, mama. Jembe, sufuria, kila kitu. Niandikie majina ya hivyo vifaa, nitanunua mwenyewe."

Mnaona? Hakusema "sikuamini." Watu wetu hawasemi hivyo. Wanasema "nitanunua mwenyewe," na wewe unabaki umesimama na kifaa chako mkononi, mwizi usiyeiba.

Alirudi na kiroba. Akamwaga vitu mezani kama anamwaga viazi. Kasha la kioo lenye feni za rangi tano, lisilo na wavu popote. Grafiki kadi ilikuwa ileile, maana Queen alimng'ang'ania. Na pawa saplai nzito kama tofali, ya kampuni ambayo Teodora hakuwahi kuisikia. Juu ya kila kifaa alikuwa amechora N.K., herufi za majina yake, kwa kalamu nyekundu ya wino mzito, alama ileile anayoweka kwenye magunia yake anapoyapeleka mashineni kukoboa, ili yasibadilishwe. Kwenye pawa saplai alikuwa ameichora juu ya stika inayofunika skrubu, nusu kwenye karatasi, nusu kwenye chuma.

"Ili kisibadilishwe kitu," alisema, macho kwa macho na mpwa wake.

Nilitamani kumchapa na rula yangu ya mbao. Mtu mzima, mvi zimejaa, anamwekea alama mtoto wa dada yake! Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea, na mimi wa nguo nathibitisha.

Teodora aliinyanyua ile pawa saplai, akaitikisa karibu na sikio. "Mjomba, niruhusu niifungue niangalie ndani."

"Ukibandua stika garantii imekufa. Si ndicho unachotaka, ninunue ya kwako?"

"Basi mimi siifungi. Tafuta fundi mwingine."

Nestory hakubishana. Akatoa simu, akampigia dada yake Sabina, mama mzazi wa Teodora, akaweka sauti kubwa ili kibaraza kizima tusikie. Na mama wa watu akaanza kulia. "Mwanangu, mfungie mjomba wako. Ukikataa watasema umekataa kwa kuwa umekosa pa kuiba. Ya baba yako hayajatutosha?"

Hapo ndipo hasira iliponipanda. Akifunga, anafunga kitu kibovu kwa jina lake. Akikataa, ni mwizi aliyekosa nafasi. Niambieni nyie, huyo mtu apite wapi?

Alifunga. Kila skrubu aliikaza kwa hasira, nikisikia ubao wetu unatetemeka. Mashine ikawaka, feni zikazunguka na rangi zake, Nestory akapiga makofi.

"Si hiyo inawaka?"

"Kuwaka siyo kubeba, mjomba. Mbio zikipamba moto, grafiki kadi itadai umeme mwingi kwa mara moja. Hapo ndipo utaijua."

"Maneno ya biashara hayo," alisema, akaagiza bajaji.

Siku ya mashindano nilifunga cherehani nikaenda na Teodora Nyegezi. Ukumbi ulijaa. Vijana wote wa magemu wa Mwanza walikuwa humo, wateja wake na waliotarajia kuwa wateja wake. Kwa fundi asiye na duka kubwa wala bango, jina lake ndilo duka, na siku ile duka zima la Teodora lilikuwa juu ya ile meza, ndani ya kioo, linawaka rangi tano.

Queen alianza nyuma, akawapita mmoja mmoja huku akiligombeza gari lake, na watu wakicheka na kushangilia. Alipofika mbele, mvua ikaanza kunyesha kwenye gemu, magari yakarusha maji kila upande. Picha ikakwama. Halafu tukasikia mlio mfupi, skrini ikawa nyeusi, na nyuma ya kasha ukatoka moshi wenye harufu ya plastiki.

Mwamuzi akainua mkono. Mashine ikizima, mchezaji yuko nje. Queen alibaki ameshika usukani wake wa plastiki, akiiangalia skrini nyeusi.

Nestory aliruka kutoka kwenye kiti. "Mwizi!" Alimnyooshea Teodora kidole mbele ya ukumbi mzima. "Amenibadilishia kifaa! Baba yake aliiba saruji yangu, na huyu kaniibia pawa saplai! Ukoo mzima wezi!"

Watu wote waligeuka. Niliwaona vijana wakinong'onezana, na nikakumbuka yule mwanamke wa msibani. Nilikuwa nimeshavua kiatu, Mungu anisamehe, lakini Teodora alinishika mkono akanikalisha.

Alikwenda mezani. Akachomoa waya, akafungua kasha, akaitoa ile pawa saplai ikiwa bado ya moto, kaishika kwa pindo la kitenge chake. Akaigeuzia upande wa mjomba wake.

"Mjomba, alama ya nani hii?"

Nestory akageuza uso, akatazama mlangoni.

"Nauliza alama ya nani? Ulisema umeiweka ili kisibadilishwe kitu. Haya, soma watu wakusikie."

Aliyesoma ni Queen. Aliinama akaiangalia kwa karibu, akapitisha kidole juu ya stika. "N.K.," alisema. "Ni ya baba. Haijaguswa."

Hapo ndipo Teodora alipoichana ile stika, akafungua skrubu, akaondoa kifuniko. Ndani vilikuwemo vifaa vichache vimeungua, vidogo, vya kutosha redio. Nafasi iliyobaki ilikuwa imejazwa donge la kijivu, gumu. Alilichokoa kwa bisibisi mpaka likang'oka. Binti wa mwashi hahitaji kuambiwa donge la kijivu ni kitu gani.

Alimfuata mjomba wake pale aliposimama, akamnyooshea kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anavyompa mkubwa wake kitu.

"Mjomba, ile saruji uliyosema baba yangu aliiba," alisema, na sauti yake ilifika mpaka mlangoni. "Imepatikana. Pokea."

Macho ya watu yalikuwa mengi, asingeweza kukataa. Akapokea. Na mkono wa mazoea haumsubiri mwenyewe. Kiganja chake kikapanda na lile donge, kikashuka, kikapanda tena, kinapima.

Queen aliuachia usukani, akasimama.

"Zito, baba?"