Dada Yangu Mpiga Pasi wa Nyakabanda

Dada yangu mkubwa alizaliwa na akili inayokwenda polepole. Maneno yalimchelewa, na shuleni walimrudisha nyumbani kabla hajamaliza muhula wa kwanza. Tulikaa mtaa wa Nyakabanda, na hadi anavuka miaka ishirini hakuwahi kutoka uani peke yake. Wageni wakija, mama alimwambia akae jikoni.

Aliyemtoa mle ni jirani yetu, mama mmoja fundi cherehani mwenye kibanda kando ya barabara. Siku moja alikuja kuomba mkaa, akamkuta dada anakunja nguo zetu, kila shati limenyooka kama jipya.

"Nipe huyu anisaidie kupiga pasi," akamwambia mama.

"Atajiunguza."

"Hata mimi nilijiunguza nilipoanza."

Mwanzoni nilimsindikiza hadi mlango wa kibanda. Baadaye nikawa namfuata kwa mbali, halafu naishia kwenye kona, mpaka akaanza kwenda mwenyewe. Alijifunza kupepea mkaa wa pasi na kujaribu joto lake kwenye kitambaa kibovu kabla ya kugusa suruali ya mtu. Mteja akimuuliza fundi, "Huyu ameelewa ninachotaka?" fundi alijibu, "Si huyo hapo? Muulize." Dada alichukua muda kujibu, lakini alijibu. Jumamosi moja alirudi na mche wa sabuni alioununua mwenyewe, akauweka mbele ya mama, kisha akabaki amesimama palepale akingoja mama aunuse.

Mwaka wa tisini vita vilianza huko mpakani, na mjini zikawekwa bariyeri, vizuizi vya askari barabarani. Dada hakuwa na kitambulisho. Baba hakuwahi kumchukulia. "Cha nini?" alizoea kusema. "Haendi popote."

Asubuhi moja muuza mboga alitujia mbio. Askari amemsimamisha dada, amemuuliza kitambulisho kiko wapi, naye amekaa kimya akitafuta maneno. Askari ameona ni kiburi. Wamempeleka komini, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa.

Tulikwenda baba, fundi na mimi. Baba alivua kofia mbele ya ofisa. "Mtusamehe, mzee. Huyu mtoto hana akili."

"Akili anayo," fundi akasema, akimtazama baba na si ofisa. "Asichokuwa nacho ni kitambulisho."

Walimwachia kesho yake. Shavu lilikuwa limevimba, na hakutaka kusema limepatwa na nini. Baba alifunga komeo kwenye mlango wa ua. Sikuweza kumchukia, maana alipomaliza kugongelea misumari alikwenda kumkanda dada shavu kwa maji ya moto.

Fundi akawa anatuletea nguo, dada anazipigia pasi uani. Haikuwa kitu kilekile. Alitaka watu, alitaka kuamkiwa. Kila asubuhi alivaa viatu, akauliza, "Leo naenda?"

"Bado," baba alimjibu.

Ilituchukua muda mrefu, mama na mimi, kumshawishi baba ampeleke kuchukua kitambulisho. Kilipotoka hatimaye, fundi alikuwa ameshahama. Watu walizidi kutoweka mtaani, naye alifunga kibanda akaenda kwa kaka zake Bujumbura. Alikuja kuaga, akamkumbatia dada, wote wawili wakalia.

Hata hivyo mimi na dada tulikwenda kuulizia kazi, na kibandani tulimkuta mwanamume anauza unga. "Hapa hakuna kupiga pasi," akaniambia mimi, ingawa aliyeuliza ni dada. Tukajaribu kwa mafundi wengine wawili. Mmoja alicheka. Wa pili alikuwa mpole. Alisema nyakati hizi ni mbaya, hataki matatizo.

Mvua ikaanza. Nilitaka kumshika mkono, akauondoa.

"Najua njia," akasema, akatangulia.

Nyumbani mama aliuliza imekuwaje. "Hakuna kazi," dada akajibu, akaenda kulala mchana ule na viatu vyake miguuni, vimejaa matope. Mama hakumvua.