Mistari Thelathini na Saba

Miaka ile ya soko huria, mradi wa kugawa mbegu za mpunga baada ya mafuriko ulinipa kazi ya kuchapa pale Kibiti, nikakabidhiwa kompyuta yenye kioo cheusi. Nilijiona msomi kweli kweli. Orodha ya wakulima wa Ngorongo ilikuwa ndefu, na printa yetu ilikwama kila ilipopewa faili refu. Mratibu akanifundisha amri moja: unaandika jina la faili na idadi ya mistari, unabonyeza, faili linakatwa vipande. Mimi nikachagua arobaini, namba yenye heshima zake.

Katika orodha ile kila mume aliandikwa kwanza, wake zake wakamfuata chini, na mfuko wa mbegu ulikwenda kwa mume. Shangazi yangu alikuwa mke mdogo. Mfuko wa mumewe siku zote uliishia nyumba kubwa. Yeye alipimiwa kibaba kimoja, tena kwa masimango. Nusu ya shamba lake ilikuwa majani. Iliniuma, ila sikuwa na la kufanya.

Kumbe amri ile haijui ndoa. Mstari wa arobaini ulikuwa wa mke mkubwa, na shangazi akaangukia karatasi ya pili, juu kabisa, bila mume. Mgawaji kule Ngorongo alijua jambo moja tu: jina la kwanza kwenye karatasi ni la mwenye kaya. Akamkabidhi mfuko mzima.

Wiki ile ile shangazi akanijia ofisini, kajifunga khanga mpya. Nikamwomba radhi, nikamwahidi kumrudisha chini ya mumewe.

"Umrudishe nani?" akauliza. "Mwanangu, mimi nimeshapanda."

"Na mzee anasemaje?"

"Anasema kompyuta haibishiwi. Mwache aseme hivyo hivyo."

Nilicheka mpaka mratibu akachungulia mlangoni.

Msimu uliofuata, watu watatu waliokuwa juu ya shangazi walikuwa wamehamia Ikwiriri, kwa hiyo yeye akapanda hadi mstari wa thelathini na nane. Nikaandika amri, nikaweka thelathini na saba. Mratibu akauliza mbona namba ya ajabu hivyo.

"Kompyuta ndivyo inavyotaka," nikamjibu.

Akatikisa kichwa, akaenda zake kunywa chai, nami nikabonyeza.