Mlango wa Moto wa Mzee Maduhu

Haya hamtayaamini, na wala sitawabembeleza. Kalangalala nzima nimeitangazia, wakanicheka. Mwenyewe yule pale, kakaa kaegemea ukuta, kafumba macho. Acheni alale, kachoka.

Mzee Maduhu wa Mhunze anachota mchanga wa dhahabu kwa sepeto kwenye karasha la Chacha, mashine ya kusaga mawe, hapa Geita. Magoti yanalalamika kabla yake. Ujanani alikuwa mwasha moto wa treni ya mvuke, reli ya Shinyanga. Si treni ya mchezo! Dude lenye injini mbele na injini nyuma, tumbo la mvuke limening'inia katikati, kwenye kona linajikunja kama chatu. Wazungu waliliunda kwa ajili ya milima ya machimbo ya mbali. Lilikula mafuta mazito, na njiani Maduhu alilirushia motoni kibakuli cha mchanga, uyasugue mabomba, masizi yatoke.

"Moto unakula mchanga?" Mihayo, fundi wa karasha, humtania. "Sema basi na ugali lilikula!"

Miaka kumi wanamwita Mzee Uongo. Kujibu keshachoka, anachokitaka sasa ni mtu mmoja tu amsadiki kabla hajafa.

Juzi likaja lori la chuma chakavu. Chacha alitaka bati nene la kuundia pipa la kusagia mawe. Kwenye rundo Maduhu akaona kimlango chenye kutu. Sepeto likamponyoka.

"Baba, hicho msikikate. Ni mlango wa moto wa treni yangu."

"Utajuaje, mzee?" Chacha keshawasha gesi ya kukatia.

"Nyuma ya bawaba ya kushoto pana alama tatu za patasi. Nilikaa na lile dude miaka mitatu, kila mwaka nikachonga moja."

Chacha akazima gesi. Akakigeuza, akakwangua kutu. Moja. Mbili. Akakwangua tena, akatema mate, akasugua kwa kidole. Tatu.

Karasha likinguruma, Mihayo akasogea, akazigusa alama.

"Shikamoo, mzee," Mihayo akasema. Miaka kumi hakuwahi.

"Marahaba," akaitikia taratibu, kama mtu anayetua mzigo.

"Kichukue," Chacha akamwambia. "Kipeleke kwako."

Basi Maduhu akakitwika kichwani, kilo mia mbili zile, akashika njia ya Mhunze kwa miguu, bila kutua, akavuka mito saba, na simba wawili waka—

"Bebe, wewe Sostenes! Mhunze nilifika lini? Si kimlango ndicho hiki nimekikalia?"