Sauti ya Ukumbi wa Makindye

Jumamosi mchana nilikwenda Makindye, kwenye ukumbi wetu wa zamani wa sinema. Mafundi walikuwa wanatoa mabenchi ili ugeuzwe ghala la vigae. Nilifika na hasira zangu, nikamwambia kila aliyesimama mlangoni kwamba mji huu hauthamini chochote.

Ndani nilimkuta mtafsiri wa filamu, yule wa kusema juu ya picha papo hapo, akikunja waya wa maikrofoni. Enzi zile watu walijaa humo kwa ajili yake: mwigizaji akisema neno moja, yeye alitumwagia kumi kwa Kiswahili, na matusi juu. Nikamshika mkono kwa mikono miwili.

"Mzee, sauti yako haijabadilika hata kidogo!"

Akaacha waya. "Mara ya mwisho ulisikia lini?"

"Juzijuzi tu."

"Mimi ni mdogo yake," akasema taratibu. "Yule unasema tulizika. Sasa ni miaka sita mimi ndiyo natafsiri."

Hakunicheka. Alinisogezea benchi lililobaki, nikakaa kama mgeni.

Safu yangu ya gazeti ya leo nilikuwa nimeshaiandika asubuhi, nikiuliza nani ameua ukumbi wetu. Nimeifuta. Muuaji alikuwa amekaa kwenye lile benchi, anajifuta jasho.