Siku Darubini Iliponyamaza

Ninatunza darubini ambayo sijawahi kuiona kwa macho. Iko angani, juu kabisa ya hewa tunayovuta, inaizunguka dunia usiku na mchana, na mimi nakaa ghorofa ya juu ya jengo la matofali hapa Sydney nikiipelekea maagizo. Si kubwa kama zile zinazoonyeshwa kwenye televisheni. Mwili wake ungeenea kwenye kiti cha nyuma cha gari, na ikishakunjua paneli zake za sola inafanana na friji ndogo yenye mabawa. Inatazama nyota changa, zile zinazolipuka na kutupa miale mikali huku na huku, ili wanasayansi wajue kama sayari zilizo karibu nazo zinaweza kubaki na hewa.

Asubuhi tunaandika ratiba ya siku: itazame nyota ipi, kwa muda gani, na lini igeuze uso ili jua lisiingie mdomoni, lile tundu la kupokelea mwanga. Jua likiingia mdomoni, kamera inaungua. Kuna eneo juu ya bahari, kati ya Brazili na Afrika, ambako mionzi ni mikali mno. Ikipita pale tunaizima kamera, la sivyo picha zinarudi na madoa meupe kama unga uliomwagika sakafuni. Mara chache kwa siku inapita juu ya Sydney. Dishi la kwenye paa letu linageuka kuifuata, na kwa muda wa kuchemsha chai tunapokea picha na kutuma amri. Kisha inazama upande wa New Zealand, na hatuna habari zake tena mpaka izunguke.

Wakati wa usaili niliulizwa kuhusu hesabu, kompyuta na fizikia. Hakuna aliyeniuliza kama ninaweza kuvumilia ukimya.

Mkuu wangu wa zamu alikuwa mama wa Kiaustralia aliyekaribia kustaafu, mwembamba, ambaye alivaa sweta hata katikati ya joto la Januari kwa sababu chumba chetu kilipoozwa kwa ajili ya mashine. Alianza kuongoza setilaiti kabla sijazaliwa. Hapa kila mtu humwita mkubwa wake kwa jina lake la kwanza, na mimi nilijaribu, lakini jina lilinikwama kooni kila mara. Nikawa nangoja anitazame ndipo niseme. Mama yangu mzazi, ambaye ninaishi naye Merrylands, kitongoji cha Sydney, alisema hiyo ndiyo adabu na nisiiache.

Onyo lilikuja siku ya Jumatano mchana. Maonyo hayo ni ya kawaida, kwa maana huko juu kuna takataka nyingi: vipande vya roketi kuukuu, boliti, setilaiti zilizokufa. Kuna watu ambao kazi yao ni kuvifuatilia na kuwaambia wenye vyombo kwamba kitu fulani kitapita karibu nanyi. Mara nyingi ujumbe wa pili husema kitapita mbali, na sisi tunaendelea na kazi. Safari hii kila ujumbe mpya ulikisogeza karibu zaidi. Kilikuwa kipande cha roketi, kikubwa kuliko darubini yenyewe, na kingekatiza njia yetu Alhamisi mchana.

"Haina injini," mkuu wangu alisema, kana kwamba sikujua. "Hatuwezi kuikimbiza. Tunachoweza ni kuigeuza ubavu tu."

Ni kama mtu aliye kwenye daraja jembamba lori linapopita, ambaye hujibana kwenye ukingo na kuvuta tumbo ndani. Lakini ikigeuka ubavu, mabawa hayapati jua, na betri zinaanza kuisha. Kwa hiyo amri ya kugeuka ilipaswa kuandikwa pamoja na amri ya kurudi, na zote mbili zipelekwe mapema, kwa sababu tukio lenyewe lingetokea upande wa pili wa dunia ambako sauti yetu haifiki.

Niliziandika mimi. Yeye alikaa nyuma yangu akisoma. Kilichonitisha kilikuwa saa. Saa ya darubini si saa ya Sydney, na Sydney yenyewe ilikuwa imesogeza saa mbele kwa ajili ya majira ya joto. Nilihesabu kwa kompyuta, nikahesabu kwenye karatasi, kisha nikaficha mkono chini ya meza nikahesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Umehakikisha?" aliuliza.

"Nimehakikisha."

"Hakikisha tena. Si kwamba sikuamini. Hata mimi nitahakikisha tena."

Amri zikaenda asubuhi ya Alhamisi. Darubini ikajibu kwamba imezipokea. Nikageuka kumtazama nikitarajia kuona nafuu usoni mwake, nikaona ameshikilia kikombe cha chai iliyopoa bila kunywa. Alikiweka mezani haraka.

"Niliwahi kupoteza moja," alisema. "Zamani. Haikulipuka, haikuanguka. Ilinyamaza tu. Tuliiita miezi na miezi."

Mpaka siku hiyo nilidhani waliozoea hawaogopi, na nilikuwa nimejishikiza kwenye imani hiyo.

Saa ya tukio ilifika tukiwa tumekaa. Chumbani hakikutokea kitu. Mtu alipita koridoni akiongea na simu kuhusu tiketi za mchezo wa mpira. Mkuu wangu aliitazama saa ya ukutani, akavua miwani, akasema, "Basi. Kama imetokea, imeshatokea."

Ilitubidi kungoja izunguke. Muda ulipofika, dishi la juu ya paa lilianza kugeuka, tukasikia injini yake ikikoroma juu ya dari. Kwenye skrini tulikuwa tunatarajia kuona mstari mmoja mrefu ukisimama katikati kama mlingoti, ndiyo sauti ya darubini. Tuliona majani tu, ile mistari mifupi inayochezacheza kama nyasi wakati hakuna kinachosikika.

"Iite," alisema.

Nikaiita. Majani.

"Ita tena."

Niliita mpaka dishi likafika mwisho wa upande wa mashariki na kusimama. Hakuna kitu. Mkuu wangu alisema labda imejizima yenyewe ili kujikinga, labda antena yake imetazama upande mwingine, tungoje mzunguko unaofuata. Alisema kwa utulivu, lakini alikuwa akizungumza na skrini.

Nilitoka nikaenda kusimama kwenye ngazi. Mimi ni mzaliwa wa Uvira, mji wa Kongo ulio kando ya ziwa, na nilipokuwa mdogo, vita vilipofika kwetu, tulilala siku nzima kwenye migomba nyuma ya nyumba ya jirani, kiganja cha mama kikiwa kimeniziba mdomo. Watu hudhani mtoto huogopa milio ya bunduki. Milio ilinieleza walipo wapiganaji. Niliogopa ilipokoma, maana sasa wangeweza kuwa popote. Miaka ya kambi ya wakimbizi Tanzania, na hii ya hapa, sikuwahi kumwambia mtu jambo hilo, na wala silikumbuki kila siku. Lakini pale kwenye ngazi nilijikuta napumua kwa pua tu, taratibu, ili nisisikike.

Simu ikalia. Alikuwa mama. Yeye anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na muda ule ndio alikuwa anatoka shifti.

"Utanunua mafuta ya kula ukirudi?" aliuliza.

"Nitachelewa, Mama. Kuna kazi kidogo."

Akasema kwa Kiswahili chake cha Uvira, "Sababu gani unasema kama mutu mwenye anajificha?"

"Sijifichi, Mama."

"Uko wapi?"

"Kazini."

"Baki pale. Niko nakuja."

Nilimkataza, nikamwambia hawaruhusu wageni, lakini alikuwa ameshakata. Alipanda treni na sare yake ya bluu, na alipofika chini mlinzi alipiga simu kuuliza kama kuna mtu anayemtambua. Niliona aibu. Nilikuwa mfanyakazi mgeni kuliko wote pale, Mwafrika peke yangu, darubini imenyamaza kwa amri nilizoandika mimi, na sasa mama yangu yuko mapokezi na mfuko wa plastiki. Mkuu wangu ndiye aliyeshuka kumchukua. Alimletea kiti, akakiweka nyuma ya changu. Mama aliketi ukingoni, akimwomba radhi kwa Kiingereza kila anapotazamwa, na ule mfuko akaukumbatia. Ndani kulikuwa na sombe, mboga ya majani ya muhogo, na wali, chakula chake cha mchana ambacho hakukila.

"Nini imetokea?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Hatuisikii."

"Mutaita tena?"

"Ndiyo. Sasa hivi."

Mzunguko huu ulikuwa mbaya. Darubini ingepita chini sana upande wa magharibi, nyuma ya maghorofa, kwa dakika chache tu, na baada ya hapo isingerudi juu yetu mpaka asubuhi. Dishi likaanza kukoroma. Majani. Majani. Kisha mlingoti mdogo ukasimama, ukaanguka. Nikadhani nimeuota. Ukasimama tena, ukaanguka tena, kwa mwendo ule ule, kama mtu anayefungua na kufunga mlango.

"Iko hai," mkuu wangu alisema, na papo hapo uso wake ukabadilika. "Inazunguka. Inapinduka yenyewe."

Nilielewa. Antena ikitazama kwetu tunaisikia, ikigeuka inapotea. Na kama antena inageuka, mdomo nao unageuka, na kila inapopinduka unaweza kuwa unalimeza jua. Namba chache zilizopenya zilionyesha betri iko chini. Tulikuwa na njia mbili. Kuiamuru itumie sumaku zake za umeme kupunguza kuzunguka, na hilo lingekula umeme uliobaki. Au kuiacha usiku mzima ijikinge yenyewe, na kukipambazuka tuone kama bado ipo.

Alinigeukia. "Wewe ungefanyaje?"

Sijawahi kuogopa swali kama lile. Nilitaka aamue yeye, ili lawama iwe yake. Nilijua pia kwamba na yeye alikuwa anaiona ile ya zamani, ile iliyonyamaza, na hakuwa na uhakika.

"Ikiendelea kuzunguka hivi, mabawa hayatashika jua hata kidogo," nilisema. "Betri itakufa tu. Tutume."

"Tuma."

Nilikosea neno la siri mara ya kwanza. Mama alishika mgongo wa kiti changu kwa mikono yote miwili. Nilituma. Mlingoti ukaanguka kabla ya jibu. Nikatuma tena uliposimama. Ukaanguka. Nikatuma mara ya tatu, na darubini ilipokuwa inazama nyuma ya majengo, mstari mmoja wa herufi ukatokea kwenye skrini: amri imepokelewa. Halafu majani.

Mkuu wangu alitaka kutupeleka kwa gari lake, mama akakataa. Tulirudi kwa treni. Jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa na behewa lilijaa watu wanaotoka kazini. Nilikuwa nimeelekeza uso dirishani ili asione ninavyolia, lakini aliona.

"Mule ndani iko na mutu?" aliuliza.

"Hapana, Mama. Ni mashine tu."

Nilidhani atanicheka. Alifungua mfuko, akanipa kijiko.

"Siku ile tulikimbia," alisema, "nililia cherehani yangu. Baba yako alisema, wanawake wanapoteza watoto, wewe unalia chuma. Mimi nikaendelea kulia."

Sikuwahi kujua kwamba alikuwa na cherehani. Tulikula sombe baridi kwa kijiko kimoja mpaka Merrylands, na mafuta ya kula tukasahau kununua.

Asubuhi mlingoti ulisimama bila kuanguka. Darubini ilikuwa inazunguka polepole, na betri ilikuwa imeanza kujaa. Ilituchukua siku kadhaa kuituliza kabisa. Bawa moja linatoa umeme kidogo kuliko zamani, na hatujui kama kipande kile cha roketi kiliigusa, au punje fulani iliyokuwa ikikifuata, au jambo jingine kabisa. Hakuna wa kwenda kutazama. Jua lilikuwa limeingia mdomoni, tena si mara moja. Picha ya kwanza ilipofika ilikuwa na mfereji mweusi uliokatiza kati kwa kati, na nyota yetu ikiwa pembeni mwa mfereji huo, nzima. Sasa tunailenga kwa kuukwepa ule weusi. Inafanya kazi, kwa nusu ya jicho.

Wiki chache baadaye mkuu wangu aliniita tukanywe chai, akaniambia anaondoka kabla ya wakati aliopanga. Usingizi ulikuwa umemkataa. Kila akifumba macho anasikia dishi likigeuka.

"Nani atakaa kwenye kiti chako?" nilimuuliza.

"Wewe. Nimeshawaambia."

"Mimi naogopa."

Nilimtarajia aniambie kwamba nitazoea. "Ndiyo," alisema, akanisogezea sahani ya biskuti.

Jumatatu iliyofuata niliingia mapema, chumba kikiwa baridi na mashine zikivuma. Kiti chake kilikuwa kimepandishwa juu, kwa sababu alikuwa mrefu. Kuna kipini cha kukishusha upande wa kulia. Sikukigusa. Niliandika ratiba ya siku nzima miguu ikining'inia, maana asubuhi ile sikutaka kubonyeza kitu chochote zaidi ya nilivyolazimika.